Mswada wa Tamthilia Fupi na Siku za Mwisho za Makataa

Tamthilia fupi ni mchezo wa kuigiza unaochukua muda mdogo jukwaani, aghalabu kati ya dakika kumi na nusu saa, na ambao hujengwa juu ya tukio moja, mahali pamoja na wahusika wachache. Mswada wake ni maandishi yanayobeba mazungumzo ya wahusika hao pamoja na maelekezo ya jukwaani. Kwa kuwa michezo ya aina hii huandikwa zaidi kwa ajili ya mashindano, matamasha na redio, karibu kila mswada una makataa yake: siku na saa ambayo ikipita mlango umefungwa, hata kazi iwe nzuri namna gani. Kuukamilisha kabla ya saa hiyo ni sehemu ya ufundi wa utunzi, na ufundi huo una hatua zake.

Kalenda ya shule na kalenda ya shamba

Katika eneo la Soy, kaunti ya Uasin Gishu, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, makataa yanayowagusa watu wengi zaidi ni ya tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo. Mashindano haya yalianza mwaka 1959, enzi za ukoloni, wakati jukwaa la Kenya lilipotawaliwa na michezo ya Kiingereza. Hata hivyo, tamthilia ya shule kwa Kiswahili ilikuwa imeshaanza kuota mizizi: Henry Kuria alitunga Nakupenda Lakini akiwa shule ya Mang'u, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1957. Baada ya uhuru tamasha lilipanuka likapokea watunzi Waafrika, lugha za Kiafrika na fani nyingi zaidi ya mchezo wenyewe, zikiwemo ngonjera, masimulizi, ngoma za kubuni na, katika miaka ya karibuni, filamu.

Safari ya mchezo huanzia mashinani, hupanda hadi kaunti, kisha eneo zima la Bonde la Ufa, na mwishowe taifa. Fainali za kitaifa kwa kawaida hufanyika mwezi Aprili, shule zikiwa likizoni. Ukihesabu kurudi nyuma, mchezo unaotaka kufika huko sharti uwe umeandikwa, umefanyiwa mazoezi na kushindanishwa kuanzia mwanzo wa muhula wa kwanza. Makataa halisi ya mtunzi basi huangukia Januari au Februari.

Hapo ndipo kalenda ya shamba inapoingia. Soy, kuanzia Kuinet na Ziwa hadi Moi's Bridge, ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mwezi Machi trekta zinarudi shambani kungojea mvua ya masika. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ambayo mwalimu na wanafunzi wangeitumia kutunga, ndiyo hiyo hiyo ya kuvuna, kupukuchua, kuanika na kujaza magunia. Januari inaingia na karo na ratiba mpya, mswada ukiwa bado ni wazo tu. Michezo mingi ya Soy huandikwa siku chache kabla ya kuwasilishwa kwa sababu hiyo, wala si kwa uvivu wa mtu.

Kwa nini mswada hukwama

Mtunzi aliyebaki na wiki moja mara nyingi hakwami kwa kukosa wazo. Sababu ya kwanza ya kukwama ni upana wa mada. Anayeandika kuhusu ufisadi, au mabadiliko ya tabianchi, au umuhimu wa elimu, ameshika jambo lisilo na mipaka, na kila anapoketi hupata la kuongeza. Tamthilia fupi haibebi mada pana kwa kuitaja. Huibeba kwa kumweka mtu mmoja mahali pamoja akitaka kitu kimoja ambacho mwingine anamnyima.

Sababu ya pili ni kuanza kuandika bila kujua mchezo utaishia wapi. Mazungumzo huja kwa urahisi katika kurasa tatu za mwanzo, kisha hupungua kasi, na wahusika huanza kurudia yale waliyokwisha kusema. Mtunzi huongeza mhusika mpya, mara chifu, mara jirani, mara mwalimu mkuu, akitumaini kwamba atakuja na suluhu. Kila mhusika anayeongezwa hudai mistari yake, na mwisho unazidi kusogea mbali.

Ya tatu ni kuurekebisha ukurasa wa kwanza kila siku. Ukurasa huo unang'aa, lakini wa mwisho haupo. Katika siku za makataa, rasimu mbovu iliyofika mwisho ina thamani kubwa kuliko mwanzo mzuri uliosimama njiani, kwa sababu rasimu nzima inaweza kusahihishwa.

Kuanza na mwisho

Hatua ya kwanza ya mtunzi mwenye muda mfupi ni kuamua tukio la mwisho, yaani kitendo ambacho hadhira itakiona taa zikizimwa. Liwe tendo, si mahubiri. Mwisho ukishajulikana, unaamua mambo mengine karibu yote: nani lazima awepo jukwaani, kifaa gani lazima kionekane tangu mwanzo, na siri gani haipaswi kutoka mapema.

Mfano mmoja unatosha kulionyesha hili. Mjane analeta mahindi kwa dalali, akiwa na mwanawe wa kidato cha tatu. Gunia lililopimwa nyumbani likawa kilo 90, kwenye mizani ya dalali linasoma 82. Kijana anajua kwamba wanapunjwa, ila hana la kuthibitisha. Mchezo huu unaweza kumalizikaje? Polisi wakiingia, umekuwa mchezo wa polisi. Dalali akitubu ghafla, hakuna atakayeamini. Lakini katika duka hilo hilo dalali huuza mbolea, na mfuko wa mbolea umeshonwa kiwandani na kuandikwa kilo 50. Kijana anaubeba kimya, anauweka juu ya mizani, na mshale unasimama kwenye 45 na nusu. Sasa dalali ana njia mbili tu: akubali kwamba mizani yake ni ya uongo, au aseme mbele ya wateja kwamba mbolea anayowauzia imepunguzwa. Akinyamaza, ameshajibu. Taa zinazimwa.

Mwisho huo ukishapatikana, kazi iliyobaki inajipanga. Mizani na mfuko wa mbolea lazima viwepo jukwaani tangu dakika ya kwanza. Dalali anafaa kuisifu mbolea yake mapema, bila hadhira kujua kwa nini jambo hilo lina uzito. Mteja mmoja au wawili wanahitajika ili aibu iwe na mashahidi. Chifu, mwalimu mkuu na jirani hawana kazi, kwa hiyo hawaandikwi. Mchezo una wahusika watano, mahali pamoja na kipindi kimoja cha mchana, na unaweza kuandikwa kwa siku mbili.

Jukwaa tupu kama mwalimu

Historia ya tamthilia duniani ina ushahidi mzuri wa kazi iliyozaliwa kwa kubanwa na tarehe. Mwaka 1916, katika mji wa Provincetown nchini Marekani, Susan Glaspell alitakiwa kutoa mchezo kwa ajili ya kikundi cha maigizo alichokuwamo yeye na mumewe. Mumewe, George Cram Cook, alikuwa ameshautangaza kabla haujaandikwa. Glaspell, ambaye awali alikuwa mwandishi wa habari aliyefuatilia kesi ya mauaji huko Iowa, alikwenda kuketi katika ukumbi wao mdogo uliojengwa gatini, akalitazama jukwaa likiwa tupu mpaka akaanza kuona jiko la nyumba ya shambani na watu wakiingia kutoka kwenye baridi. Mchezo uliotokea, Trifles, uliandikwa kwa takriban siku kumi na kuonyeshwa Agosti mwaka huo. Una kitendo kimoja, chumba kimoja, na mwanamke anayetuhumiwa haonekani kabisa. Hadi leo unafundishwa kama kielelezo cha tamthilia fupi.

Somo lake linafaa popote. Mtunzi anayejua jukwaa atakaloandikia hupunguza makosa mapema. Katika shule nyingi za Soy, jukwaa la mazoezi ni bwalo la chakula lenye meza zilizosukumwa ukutani, au kiwanja chini ya mti. Mashindano yenyewe yana muda uliopangwa wa kuweka na kuondoa vifaa. Mswada unaodai nyumba mbili, mto na lori unaweza kuwa mzuri kusomwa, lakini utawaponza waigizaji. Mizani, mfuko na viti viwili vinaingia ndani ya matatu na kufika salama.

Mazungumzo yanayofanya kazi

Rasimu ya haraka huwa na ugonjwa unaojulikana: wahusika huambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua, ili hadhira isikie. Katika mchezo wa mizani, rasimu ya kwanza ingeweza kuwa hivi:

MAMA: Mwanangu, kama unavyojua, baba yako alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo tunamuuzia mahindi dalali huyu ambaye hutupunja.
KIJANA: Ndiyo, mama. Hata karo yangu haijalipwa kwa sababu yake.

Hakuna mama anayezungumza na mwanawe namna hiyo. Mistari hiyo hiyo ikiandikwa upya, mambo yote muhimu yanabaki, ila sasa yanatendeka:

DALALI: Themanini na mbili.
KIJANA: Nyumbani yalikuwa tisini.
DALALI: Mizani ya nyumbani, kijana, ni macho ya mama yako.
MAMA: Andika themanini na mbili. (Kimya.) Mwanangu, leta gunia lingine.

Umaskini wa familia unasikika katika jinsi mama anavyokubali haraka. Kiburi cha dalali kiko katika mzaha wake. Hasira ya kijana iko katika amri anayopewa ya kubeba gunia la pili, ambalo hadhira inajua litapunjwa vilevile. Marehemu baba hakutajwa, na pengine hahitajiki.

Jambo jingine la kuangaliwa ni sauti ya kila mhusika. Soy ni mahali ambapo Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu, Kiswahili na Sheng hukutana katika soko moja, na mtunzi ana utajiri wa kuchagua. Njia rahisi ya kupima ni kuyafunika majina ya wasemaji upande wa kushoto wa ukurasa na kusoma mistari peke yake. Ikiwa haijulikani nani anasema nini, wahusika wote bado wanazungumza kwa ulimi wa mtunzi.

Masikio ya wengine

Hatua ambayo wengi huiruka kwa kukosa muda ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote: kuusoma mswada kwa sauti, watu wakigawana nafasi za wahusika, mtunzi akiwa amenyamaza na kalamu mkononi. Ulimi wa msomaji ukijikwaa, mstari ni mrefu au una mpangilio mbaya. Wasikilizaji wakianza kupekua simu, tukio limechosha. Wakicheka pasipostahili, neno limekosewa. Mtunzi asitetee wala kueleza. Aweke alama tu na kuendelea.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa nguvu ya hatua hii. Desemba 1976, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliombwa kuandaa mchezo kwa ajili ya kituo cha jamii cha Kamirithu, Limuru. Rasimu ya mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, ilikuwa tayari Aprili 1977. Kuanzia hapo hadi Juni, wakulima na wafanyakazi wa kijiji waliisikiliza, wakaijadili na kuirekebisha: wakasahihisha lugha ya wazee, nyimbo na taratibu za sherehe ambazo wao walizijua kuliko watunzi. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977 na kuvuta umati mkubwa, hadi serikali ilipofuta kibali chake Novemba 16 mwaka huo. Watu wa Kamirithu walikuwa na miezi. Darasa la Soy linaweza kuwa na alasiri moja tu, lakini mkulima anayejua jinsi dalali anavyosoma mizani atagundua kosa ambalo mwalimu wa fasihi hawezi kuliona.

Usomaji huu pia hupima urefu. Kwa makadirio, ukurasa mmoja wa mazungumzo uliopigwa chapa huchukua kama dakika moja jukwaani. Makadirio haya hupotosha: majibizano mafupi hupita upesi, na ukurasa wenye wimbo, ngoma au kimya hurefuka. Saa ya simu ndiyo kipimo cha kuaminika. Mchezo ukisomwa kwa dakika zile zile zinazoruhusiwa na kanuni, basi ni mrefu mno, maana jukwaani watu hutembea, hupumua na hungoja makofi yaishe.

Kupunguza bila huruma

Mswada mrefu haupunguzwi kwa kufupisha kila mstari kidogo. Hilo huchukua usiku mzima na kuacha mchezo ule ule ukiwa mkavu. Sehemu za kuangaliwa kwanza ni tatu. Ya kwanza ni mwanzo: mara nyingi mchezo halisi huanza ukurasa wa pili, salamu na maelezo yakishakwisha. Ya pili ni tukio linalorudia kazi ya tukio jingine, kama vile dalali kumpunja mteja wa kwanza na wa pili kwa namna moja. Ya tatu ni hotuba ya mwisho, ile inayoieleza hadhira funzo ambalo imeshaliona. Katika mchezo wa mizani, kijana akisimama baada ya mshale kutua na kueleza madhara ya ulanguzi, ameua dakika bora ya mchezo wake.

Maelekezo ya jukwaani nayo hupunguzwa. Yanayobaki ni yale ambayo bila hayo mchezo hauwezi kueleweka: nani anaingia, nani anatoka, kifaa gani kinashikwa, wapi pana kimya. Namna ya kutamka kila mstari ni kazi ya mwelekezi na mwigizaji.

Kugawa muda uliobaki

Mtunzi mwenye siku saba anaweza kutumia ya kwanza kuamua mwisho na orodha ya wahusika, ya pili na ya tatu kuandika rasimu nzima bila kurudi nyuma, ya nne kuisoma kwa sauti, ya tano kupunguza na kuandika upya, na ya sita kupiga chapa na kusahihisha. Ya saba ibaki wazi kwa ajili ya dharura. Aliyebaki na usiku mmoja hufuata mpangilio ule ule kwa saa badala ya siku. Kinachobadilika ni ukubwa wa mchezo: wahusika wawili, badiliko moja, kurasa sita. Usomaji wa sauti haufutwi hata hapo, maana mtu mmoja anayesikiliza kwa nusu saa anatosha kuonyesha palipopooza.

Baada ya usomaji, wazo jipya lolote liandikwe pembeni kwa ajili ya mchezo mwingine. Mtunzi anayebadilisha mwisho saa tatu kabla ya makataa hubadilisha pia kila kilichoandaliwa kwa ajili ya mwisho ule wa zamani, na mara nyingi hana muda wa kukipata chote.

Siku ya kuwasilisha

Mswada uliokamilika huwa na ukurasa wa jina la mchezo, orodha ya wahusika na uhusiano wao, maelezo mafupi ya mahali na wakati, muhtasari pale unapodaiwa, na nambari kwenye kila ukurasa. Majina ya wasemaji yaandikwe kwa herufi kubwa na maelekezo yatiwe kwenye mabano, ili mwamuzi asichanganye mazungumzo na matendo. Kanuni za mashindano hubadilika mwaka hadi mwaka kuhusu idadi ya nakala, muda na saini, kwa hiyo waraka wa mwaka husika usomwe kabla ya kuandika, si baada ya kuchapisha.

Vikwazo vya siku hiyo vinajulikana: stima kupotea, foleni kwenye saiba, wino wa printa kuisha, matatu kungoja abiria. Dawa yake ni kujitumia nakala kwa baruapepe kila jioni, kuhifadhi nyingine kwenye simu, na kupanga kuwasilisha siku moja kabla.

Jina la mtunzi linahitaji uangalifu wa pekee. Shule nyingi nchini hualika au hulipa watunzi kutoka nje, na mchezo mmoja unaweza kupita mikononi mwa mtunzi, mwelekezi na wanafunzi. Makubaliano ya nani anatajwa na nani analipwa yaandikwe kabla ya mswada kutoka. Mchango wa wanafunzi nao utajwe, kwa kuwa hapo ndipo watunzi wa kesho hupata ari.

Mswada uliowasilishwa pia ni ushahidi. Michezo miwili ya shule ya wasichana ya Butere, Shackles of Doom mwaka 2013 na Echoes of War mwaka 2025, ilizuiwa kwa sababu ya maudhui yake, na katika kila kisa Mahakama Kuu iliingilia kati kutetea haki ya wanafunzi kuigiza. Mabishano ya namna hiyo hurejea kwenye maneno yaliyomo katika karatasi. Mtunzi asiandike kwa woga, lakini awe tayari kusimama na kila mstari aliouacha.

Mchezo wa mizani ukiandikwa kwa haraka ya siku mbili bado unaweza kuwa mzuri, mradi mwisho wake uamuliwe kwanza na masikio ya wengine yasirukwe. Kwa walimu na vijana wa Soy, lililo bora zaidi linawezekana: tukio la mwisho la mchezo wa mwaka ujao likubaliwe kabla shule hazijafungwa kwa mavuno, na rasimu isomwe kwa sauti wiki ya kwanza ya muhula wa Januari. Tarehe ya makataa haitasogezwa, lakini itawakuta kazi ikiwa mikononi.